Msiba wa Dereva wa Gari la Kijani

Mashine ya kusaga ikiishiwa mahindi hupiga kelele. Ikiwa na mzigo hunguruma kwa sauti nzito, kama mtu mzima aliyezama katika kazi yake. Lakini punje za mwisho zikishapita, kabla fundi hajaizima, sauti hupanda, hukonda, huzidi kupanda, mpaka kuku wa mtaa mzima wanainua shingo. Mwezi uliopita nilikuwa Songea, nimeketi juu ya kiroba cha mahindi nikingoja zamu ya kusagiwa, na sauti ile ilipopanda nilijikuta nimefumba macho na kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto. Mwenye mashine akaniuliza kama vumbi limeniingia. Nikamjibu ndiyo. Ningemwambia nini? Kwamba nawasikia madereva wa Kimarekani wakitoka kwenye kona?

Ninyi nitawaambia. Mkinicheka nitakuwa siwaoni.

Tulikaa Bombambili, na ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ulitazamana na banda la mashine kama hiyo. Siku moja tunakula, mimi nikiwa bado mdogo wa kukalia kinu, kaka yangu Gaspa, maana tulizaliwa wawili tu, alisimamisha tonge hewani, akasema, "Sikilizeni. Hapo ndipo wanapokanyaga mafuta." Baba akamwambia ale kwanza, mafuta atakanyaga baadaye. Tulicheka wote. Ndivyo mbio zile zilivyoingia nyumbani kwetu, kwa mlango wa kicheko.

Gaspa alijifunza ufundi wa magari katika karakana ya misheni kule Peramiho. Huko alifanya kazi na Mmarekani mmoja wa kujitolea, kijana mrefu mwenye madoadoa usoni, aliyekuja kufundisha kuchomelea vyuma. Alipoondoka, badala ya kumwachia Gaspa saa au viatu, alimwachia mfuko wa CD alizorekodi kwao kutoka kwenye televisheni. Gaspa akajibana mpaka akanunua TV ndogo na deki, na tangu hapo, Jumapili baada ya misa, kama umeme upo, sebule yetu iligeuka jukwaa la mashabiki.

Hayakuwa magari ya mbio za porini tuliyozoea kuyasikia, yale yanayorusha tope na kuua mbuzi. Haya yalilala chini kama mamba, marefu, magurudumu yote manne yakiwa nje kabisa ya bodi, na kichwa cha dereva kikichungulia katikati kama punda aliyefichwa mtaroni. Yalizunguka barabara yenye umbo la yai, kona zake zimeinuliwa kama sahani iliyoinamishwa ili mchuzi ukusanyike, na ukuta wa zege pembeni. Kushoto, kushoto, tena kushoto. Gaspa alisema kwa mwendo ule mtu angetoka Songea akafika Namtumbo kabla maji ya ugali hayajachemka.

Baba hakuelewa. Alikuwa mkulima, shamba letu lilikuwa njia ya Peramiho, na kwake barabara ilikuwa kitu cha kukufikisha mahali. Alisimama mlangoni na jembe begani, akatazama kidogo, akasema, "Mtu anatoka hapa, anazunguka, anarudi hapa. Hiyo safari gani?"

Mama hakugeuza hata uso. "Ndiyo safari ninayoipenda mimi, Baba Gaspa. Akiondoka, ukivumilia kidogo tu, huyo anapita tena mbele ya macho yako."

Kaka ndiye aliyetufundisha kuona. Alisema asiyejua huona magari yanazunguka; anayejua huona watu wanavumiliana. Alinionyesha jinsi dereva anavyojificha nyuma ya mwenzake ili upepo usimpige, kama ng'ombe wanavyojipanga mvua ikija. Alinionyesha kwamba magurudumu yakiwa wazi namna ile, yakigusana tu gari linapaa. "Kwa hiyo, Osmunda," aliniambia, kidole chake chenye grisi kikiwa kwenye kioo, "kila mmoja pale ameshika roho ya mwenzake. Na hawaachii." Alinionyesha bendera ya njano: mtu mmoja akipata ajali, wote wanapunguza mwendo, wanapanga mstari, hakuna ruhusa ya kumpita mwenzio mpaka aliyeumia atolewe. Mama aliposikia hivyo alipiga makofi mara moja, taratibu, kama anayeshukuru chakula. "Kumbe wana adabu," akasema.

Majina ya madereva yalitushinda ulimi, basi tuliwaita kwa rangi za magari yao. Wetu alikuwa Kijani. Alikuwa na masikio makubwa, na alipovua kofia yake ya chuma nywele zilisimama kama za mtoto aliyeamshwa, na alicheka kwa kuinamisha uso, kwa aibu, hata akiwa ameshinda. Akishindwa alimfuata aliyeshinda na kumgonga kidogo kichwani kwa ngumi ya upendo. Mama alisema kijana yule amelelewa. Na katika mbio kubwa kuliko zote, ambapo mshindi hapewi pombe bali chupa ya maziwa, Kijani alishinda, akanywa, yakammwagikia kifuani, akalia. CD hiyo Gaspa aliiweka mwisho kila Jumapili, baada ya nyingine zote. "Maziwa!" Mama alikuwa akisema, kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. "Mwanaume mzima ameshinda dunia, anakunywa maziwa mbele ya watu."

Lakini kilichomfunga Mama kabisa ni mahindi. Katika mojawapo ya zile mbio, kamera ilipaa juu na ikaonyesha kilichokuwa nyuma ya majukwaa: mashamba ya mahindi, mistari na mistari, yakiwa yametoa mbelewele, mpaka mwisho wa macho. Mama aliinuka kitini. Alisogea akaweka uso karibu na kioo. "Hawa ni watu kama sisi," akasema. "Tazama, wamepalilia."

Jirani yetu Mama Oresta, aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga barazani kwake, alikuwa shabiki wa Nyekundu, dereva mwenye ndevu asiyecheka. Alikuja na sahani ya mihogo na maneno tele.

"Leo Kijani wako atakauka kama majani ya mwezi wa nane."

"Nyekundu wako anaendesha kama amefukuzwa na nyuki, Mama Oresta."

"Afadhali aliyefukuzwa! Wako anaomba hodi kabla ya kupita."

Matokeo tuliyajua kwa moyo, maana CD zilikuwa zilezile. Hilo halikumzuia Mama Oresta kupanda kwenye kigoda na kushangilia kwa matumaini mapya, wala kuondoka amenuna Nyekundu aliposhindwa kwa mara ya ishirini.

Ilikuwepo CD moja isiyo na maandishi ambayo Gaspa hakuiweka kamwe. Nilipomuuliza aliniambia imekwaruzika, na kwamba ukiiweka itaharibu jicho la deki. Aliilaza chini kabisa ya mfuko.

Nilipokuwa darasa la nne, Gaspa alipata kazi ya ufundi kwa tajiri mmoja wa malori, akavuka Mto Ruvuma kwenda Msumbiji. Mama alimfungia karanga na mahindi ya kuchoma. Mimi Gaspa aliniachia kazi ya kuzitunza CD: kuzishika kwa ukingo tu, kuzifuta kuanzia katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Alipiga simu Jumapili kwa Mama Oresta, mtu wa kwanza mtaani kuwa na simu ya mkononi, na Mama alikimbia peku. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi kwa sababu ya salio. Alimwuliza kama anakula. Alimwuliza kama huko kuna mahindi. Kisha Jumapili moja simu haikulia. Wala iliyofuata. Tulipopiga sisi, yule mwanamke wa kwenye mtandao alitujibu kwa upole kwamba namba haipatikani, tujaribu baadaye. Tulijaribu baadaye mpaka baadaye ikawa mwaka.

Habari zilikuja, lakini zilikuja zikiwa zimevunjika miguu. Mmoja aliyerudi kutoka huko alisema amemwona Gaspa sokoni, amenenepa. Mwingine alisema lori la tajiri yule lilipinduka mlimani likaungua, na mafundi wawili walikuwa juu ya mzigo. Hakujua majina yao. Baba alikwenda mwenyewe mpaka mpakani, akavuka, akarudi amekonda, viatu vimepasuka. Hakuleta kitu. Watu walipoanza kusogeza viti na kushusha sauti, alisimama katikati ya uwanja akasema maneno matatu tu: "Habari si maiti." Akachukua jembe akaenda shambani.

Shangazi Kasiana, dada mkubwa wa Baba, alikuja kutoka Namtumbo kuhakikisha neno hilo linashikwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya kengele ya shule. "Hapa hakuna kilio," alimwambia Mama. "Anayemlilia mtu aliye hai anamchimbia kaburi. Unataka kumchimbia mwanao?" Mama akasema hapana, wifi. Na kweli hakulia. Nilimtazama sana, kwa udadisi wa mtoto, nikitegea chozi. Alikata vitunguu macho makavu. Kanisani watu walimsifu: Mama Gaspa amejaliwa moyo. Lakini alikuwa anasahau chumvi. Alikuwa anasimama mlangoni na ufagio mkononi, hafagii, mpaka nimguse. Alikonda mpaka khanga ikawa inamzunguka mara mbili. Mama Oresta alimwambia Baba, nikisikia, "Huyu mtamzika, na huyu maiti yake mtaiona."

Jumapili tu ndipo alipokuwa anafufuka kidogo. Tuliweka CD. Alitazama Kijani akipita, akipita, akipita. Hakushangilia tena, aliegemea mbele, midomo ikicheza kila gari lilipopita mbele ya jukwaa, kama mtu anayehesabu mifugo ikiingia zizini.

Siku ninayotaka kuwaambia ilikuwa Jumapili ya mavuno. Baba na Shangazi walikuwa shambani, mimi na Mama tulikuwa sebuleni tukipukuchua mahindi. Umeme ulikuwa umerudi mchana. Niliposhika CD ya maziwa, Mama akasema, "Acha hiyo. Weka ile isiyoandikwa."

"Kaka alisema imekwaruzika, Mama. Itaharibu deki."

"Iharibu." Alikuwa anapukuchua haraka, punje zikirukia sakafuni. "Hizi nimezijua zote, Osmunda. Nataka kitu chake kimoja ambacho sijakiona."

Niliitoa kwenye karatasi yake, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha kama Gaspa alivyonifundisha. Ilikuwa safi kama maji. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Mbio zilianza vizuri. Kulikuwa na jua, watu majukwaani walivaa kofia za njano na kijani, na yule binti wa kuimba wimbo wao wa taifa aliimba ameweka mkono kifuani. Kijani alipunga mkono kabla ya kuingia kwenye gari. Mama alimpungia. Alikuwa nafasi ya tano, kisha ya nne. Kisha kwenye kona ya pili mawili ya mbele yakagusana, magurudumu kwa magurudumu, na kila kitu Gaspa alichowahi kunieleza kwa kidole chake kikatokea mbele yangu kwa wakati mmoja. Gari la kijani halikuwa na mahali pa kupita. Lilipaa. Sitaeleza zaidi, kwa sababu lilikuwa jambo dogo sana kulitazama, kama jani linalopeperuka, na likafika ukutani.

Bendera ya njano. Kisha bendera nyekundu, ambayo hatukuwa tumewahi kuiona. Magari yote yakasimama. Mama alishika hindi mkononi, hakulipukuchua wala hakuliweka chini. Tulisubiri yule kijana mwenye masikio makubwa atoke na kuinamisha uso kwa aibu. Madereva wenzake walivua kofia zao, wakaanza kutembea kwa miguu juu ya ile barabara ya kukimbilia, kimya, kuelekea kwenye kona. Nyekundu alikuwa mbele, ndevu zake zinatetemeka. Na majukwaani hakuna aliyeondoka. Hilo ndilo nililolishangaa kuliko yote: maelfu ya watu, hakuna mbio tena za kutazama, hakuna aliyeondoka. Walisimama tu. Wazee walikumbatia kofia zao vifuani.

Kisha ikaja picha yake, anacheka. Chini yake jina lile lililotushinda ulimi, na chini ya jina miaka miwili yenye kistari katikati. Sikuhitaji Kiingereza. Niliijua miaka ya namna hiyo kutoka kwenye misalaba ya makaburini.

Mama akapiga ukunga.

Sijawahi kusikia sauti ile kabla wala baada. Ilianza chini, tumboni, ikapanda, ikakonda, ikazidi kupanda. "Mwanangu we! Mwanangu mimi! Mwanangu!" Alianguka juu ya mahindi. Mikono yake ilikuwa inazoa punje na kuzimwaga, inazoa na kuzimwaga.

Kwetu mtu akisikia kilio cha namna ile haulizi. Unaacha chungu motoni, unafunga kitenge kiunoni, unakwenda. Kabla sijapata la kufanya, Mama Oresta alikuwa ameshaingia, mikono imejaa unga wa mihogo, akajitupa chini kando ya Mama na kulia. Nyuma yake wakaja wanawake wa jumuiya, kila mmoja akianza kulia tangu getini, na wanaume wakaja na viti, magogo, turubai la kanisa. Moto ukawashwa uwanjani. Debe la maji likatua jikoni. Nilisikia jina likizunguka kwa minong'ono, kutoka mdomo hadi mdomo: Gaspa. Gaspa. Basi imejulikana. Maskini Gaspa.

Nilimvuta Mama Oresta kitenge. "Mama Oresta, si kaka Gaspa," nilimwambia sikioni. "Ni Kijani. Kijani ndiye amekufa."

Alinitazama. Macho yake yalikwenda kwenye TV, ambako wale watu walikuwa bado wamesimama majukwaani. "Kijani?" alisema polepole. "Yule wa maziwa?"

Niliitikia kwa kichwa. Nilidhani atacheka, au atasimama aondoke. Uso wake ukakunjika upya, safari hii kwa namna nyingine, ya kweli zaidi. "Jamani," akasema. "Jamani, na mimi nilivyomtukana yule kijana." Akaketi, akanyoosha miguu kama mtu anayekaa kwa siku nyingi, akavuta kichwa cha Mama akakiweka kwenye mapaja yake. Na aliyekuwa kando yake akamwambia wa pili, na wa pili wa tatu, habari ikazunguka chumba chote, kisha ikatoka nje kwa wanaume. Nilisubiri waanze kuinuka. Hakuna aliyeinuka.

Shangazi Kasiana aliingia na kiroba kichwani. Alisimama mlangoni, akauliza mara moja tu, akaambiwa. Ile sauti yake ya kengele ikalia.

"Tokeni! Hapa hakuna msiba! Mnamlilia mzungu wa kwenye TV? Mmerogwa?"

"Shikamoo, Shangazi," Mama Oresta alisema bila kuinuka.

"Shikamoo yako ya nini? Nimesema tokeni!"

"Huyo mzungu ana mama?"

"Mimi nitajuaje kama ana mama!"

"Anaye. Yule mama yuko mbali, hatuna nauli ya kwenda. Basi tunalilia hapa. Kilio kikishaanza, Shangazi, hakirudishwi tumboni. Tua mzigo ukae."

Shangazi aligeuka kumtafuta Baba amsaidie. Baba alikuwa amesimama uwanjani, kati ya wanaume, udongo mpaka magotini. Alikuwa ameshaambiwa. Kupitia mlango ule alimwona Mama, mahindi yametapakaa kwenye nywele zake, analia kwa mdomo wazi kama mtoto mchanga. Alimtazama muda mrefu. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu na moto, akainamisha kichwa. Shangazi aliona hivyo, akatua kiroba.

Jua lilipokuwa linashuka, Mzee Severini, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alifika na kitabu chake cha sala. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema, tukaitikia. Alianza sala ya marehemu. Alipofika mahali pa kutaja jina, akasita. Alikuwa mzee mwenye utaratibu. "Marehemu tunamtaja nani?" akauliza.

Nilikuwa nimesimama kwenye nguzo ya baraza, na niliona kila uso ukigeuka, taratibu, kumwelekea Baba. Nilimwomba Mungu amfanye aseme. Nilitaka alitaje jina la kaka yangu kwa sauti, mbele ya watu, ili Mama naye aweze kulitaja.

Baba alikohoa. "Mwombeeni dereva," akasema.

Mzee Severini alimtazama, akaelewa kitu ambacho mimi sikukielewa, akaendelea. "Raha ya milele umpe, ee Bwana, dereva huyu, aliyefia mbali na mama yake. Na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani."

"Amina," walisema wanawake ndani. "Amina," walisema wanaume kwenye moto. Mama aliisema ya mwisho, baada ya wote, na ilitoka nzima. Midomo ya Baba haikusogea. Nilikuwa namtazama yeye tu, na nina hakika. Alikaa na kofia yake magotini, taya limekaza, na Amina ile ikampita.

Nilimkasirikia kwa miaka mingi. Niliona amemnyima Mama neno moja dogo.

Mtaani walitucheka, msidhani hawakutucheka. Sokoni uliitwa msiba wa TV, na shuleni wenzangu waliniuliza kama ubwabwa wa mzungu ulikuwa na nyama. Lakini Mama alilala siku ile mpaka jua likapanda. Alipoamka aliomba uji, akaongeza chumvi mwenyewe. Akafagia. Siku zilizofuata aliweza kusema, "Gaspa alipenda kisamvu," kwa sauti ya kawaida, na kisha kukichuma.

Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoielewa ile CD safi. Kaka yangu alijua tangu mwanzo. Kila Jumapili alipokuwa akiweka ushindi wa maziwa mwisho, alijua kijana yule amelala kwenye udongo wa kwao kando ya mahindi, na alimwacha Mama apige makofi. Mtu aliyeona vibaya kutuletea kifo cha mgeni, nilijiuliza, angewezaje kutuletea chake? Swali hilo nimelala nalo mara nyingi. Halijawahi kunipa jibu wala usingizi.

Baba nilichelewa zaidi kumwelewa. Alifariki mwaka jana, baada ya masika. Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika vitabu, ukoo ulinipa kazi ya kuandika wasifu wake wa kusomwa kabla ya mazishi. Asubuhi ile niliketi uani na karatasi. Niliandika alipozaliwa, shule, kipaimara, ndoa, shamba. Ikabaki sentensi ya mwisho, ile ambayo kila wasifu kwetu lazima iwe nayo: marehemu ameacha nani. Niliandika "mjane". Kisha mkono ukasimama.

Hapo, kalamu ikiwa juu ya karatasi, ndipo nilipomwona tena yule mwanaume kwenye moto, taya limekaza. Hakumnyima Mama kitu. Alimwacha alie, akawaacha watu wote wamsaidie kulia, akakaa nao mpaka mwisho. Lakini katika nyumba ile mtu mmoja ilibidi abaki ambaye hajamzika Gaspa, ili siku akisukuma lango akute angalau uso mmoja ambao haujaomba apumzike. Kulia walikuwa wengi. Kungoja alikuwa peke yake, na aliibeba kazi hiyo bila kumweleza mtu, mpaka siku yake ya mwisho.

Nilisimama kando ya jeneza nikasoma. Mama alikuwa mstari wa mbele, Shangazi Kasiana kando yake na fimbo, Mama Oresta nyuma yao, mtaa mzima wa Bombambili ulikuwepo, watu waliojua kila kitu. Nikapita shule, kipaimara, ndoa, shamba. Nikafika mwisho.

"Ameacha mjane," nikasoma, "na watoto wawili."

Nikainua macho, nikasubiri mtu anisahihishe. Hakuna aliyenisahihisha.